Mdadisi Mkuu wa Hispania: nguvu zake zilitoka wapi?

Usiku mmoja wa Agosti 1559, katika mji mdogo wa Torrelaguna, maofisa wa Mahakama ya Imani ya Hispania walimkamata Bartolomé Carranza, Askofu Mkuu wa Toledo. Hakuna askofu nchini humo aliyemzidi cheo. Shtaka lilikuwa uzushi, kutokana na katekisimu aliyoichapisha mwaka uliotangulia. Aliyekuwa nyuma ya hayo ni Fernando de Valdés, Askofu Mkuu wa Sevilla na Mdadisi Mkuu, yaani mkuu wa mahakama hiyo.

Valdés alipata wapi ubavu wa kumtia ndani aliyemzidi cheo? Mwaka 1478 Papa Sixtus IV aliwaruhusu Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella kuteua wadadisi wao wenyewe, na mwaka 1483 mtawa Mdominiko, Tomás de Torquemada, akawa Mdadisi Mkuu wa kwanza. Tangu hapo mfalme ndiye aliyempendekeza mtu, na Papa ndiye aliyempa mamlaka. Hapo ndipo naona ubaya wa cheo hiki ulipoanzia. Aliyekata rufaa Roma aligonga ukuta wa mfalme, na aliyekimbilia kwa mfalme aliambiwa ni mambo ya Kanisa. Kwa Carranza, Valdés alijipatia kwanza kibali cha Papa Paulo IV cha kuwashughulikia maaskofu, kisha ridhaa ya Mfalme Philip II.

Mahakama iliwahukumu waliobatizwa tu. Walioumia zaidi mwanzoni walikuwa Wayahudi waliobatizwa na wazao wao, wengi wakitoka katika familia zilizobatizwa kwa kulazimishwa. Majina ya mashahidi yalifichwa. Mshtakiwa aliruhusiwa kutaja maadui zake, na shahidi akiwa miongoni mwao, ushahidi wake ulitiliwa shaka. Fikiria mtu aliye gizani akijaribu kukisia ni jirani gani aliyemchongea.

Carranza alikaa kizuizini karibu miaka 17. Papa Pius V alilazimika kushinikiza ndipo akapelekwa Roma mwaka 1567, na Valdés naye akaondolewa. Hukumu ilitoka Aprili 1576: hakuonekana mzushi, ila alitakiwa kukana kauli 16. Alifariki siku 18 baadaye.

Huyo alikuwa askofu mkuu, na Papa mwenyewe alimdai. Fundi viatu au mshona nguo wa Sevilla hakuwa na wa kumdai. Hispania iliifuta mahakama hiyo moja kwa moja mwaka 1834.