Mabega Mawili ya Jabari

Mada ya falaki katika fizikia ya kidato cha nne hapa Tanzania hufundishwa mchana, kwa chaki na ubao. Mwanafunzi anaweza kupata maksi zote za swali la makundinyota bila kuwahi kuinua shingo usiku. Mimi nafundisha somo hilo katika shule ya bweni wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na nimechoka kusikia kwamba tutaanza kutazama nyota siku tutakapoletewa darubini. Darubini haijaletwa. Januari 2020 tukaanza bila hiyo.

Vijana wa klabu ya sayansi walichagua kundinyota moja tu, Jabari, ambalo vitabu vya kigeni huliita Orion. Kwetu tulio karibu na ikweta, Jabari hatafutwi. Katikati ya Desemba huchomoza wakati jua linazama, akiwa amelala ubavu, na usiku wa manane huwa juu ya paa. Nyota tatu za mkanda wake hutoka kwa zamu: hutangulia Mintaka, dakika kama nne baadaye Alnilam, kisha Alnitak, zikiwa zimepangana kwa mshazari. Mintaka ipo karibu kabisa na ikweta ya anga, kwa hiyo inapochomoza inakuonyesha mashariki yenyewe. Huhitaji dira.

Lakini mradi wetu ulikuwa juu ya mabega. Bega moja ni Betelgeuse, nyota nyekundu. La pili ni Bellatrix, ya rangi ya samawati. Desemba 2019 wanafalaki wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, walitangaza kwamba Betelgeuse imefifia isivyo kawaida.

"Sasa Mwalimu, sisi tutapimaje kwa macho matupu?" aliuliza binti mmoja wa kidato cha tatu.

Hupimwa kwa kulinganisha. Mwangaza wa nyota una namba, na namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi. Aldebaran, jicho jekundu la kundinyota la Ng'ombe lililo jirani, ni karibu 0.9. Bellatrix ni karibu 1.6. Ukiona Betelgeuse ipo katikati ya hizo mbili, gawa pengo hilo mafungu kumi kichwani, ujiulize imeshuka mafungu mangapi kutoka kwa Aldebaran. Ikiwa ni saba, mwangaza wake ni karibu 1.4. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza.

Kazi ilikuwa kwenye nidhamu. Tulitoka baada ya prepo. Mlinzi wetu, mzee wa makamo, alikubali kutuzimia taa ya getini kwa masharti kwamba wanafunzi wasimkimbie gizani, kisha naye akasimama kutuonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wamekitumia tangu zamani kujua majira. Macho huhitaji dakika kama ishirini kuzoea giza, kwa hiyo tochi ya kuandikia tuliifunga kitambaa chekundu. Kila mmoja aliandika namba yake bila kumchungulia mwenzake, ndipo tukazisoma na kuchukua ile ya kati. Kijana mmoja namba zake zilikuwa zikitofautiana na za wote. Tulipomwangalia, tukamkuta anaikodolea nyota macho. Nyota nyekundu ukiikodolea huzidi kung'aa machoni pako; hutupiwa jicho mara moja, ukahamia kwa nyingine, ukarudi. Mvua za msimu ule zilitunyima usiku mwingi, na kwenye daftari tukaandika "mawingu", maana hilo nalo ni jibu.

Wiki ya pili ya Februari mabega yakalingana. Betelgeuse, ambayo kwa kawaida huwa karibu 0.5, ilikuwa imeshuka hadi 1.6, sawa na Bellatrix. Magazeti ya dunia yalikuwa yakisema labda inakaribia kulipuka, na wanafunzi wangu walitamani iwe kweli. Ni kweli itakuja kulipuka, pengine ndani ya miaka 100,000 ijayo, ila mwaka ule sababu ilikuwa nyingine. Nyota hiyo ilikuwa imetapika gesi, gesi ikapoa na kuwa vumbi, na vumbi likatuzibia sehemu ya uso wake. Picha zilizopigwa kwa darubini kubwa ya VLT huko Chile zilionyesha upande wa kusini umeingia giza, na maelezo hayo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 2021.

Tulionyesha pia umbali, kwa shanga na nyuzi. Tulitundika shanga darini, sentimita moja ikiwa miaka mwanga kumi. Bellatrix ilikaa sentimita 25 kutoka kwa mtazamaji, Rigel ya mguuni sentimita 86, na Alnilam ikavuka mita moja. Betelgeuse tuliiweka kwenye 60, kwa kuwa vipimo vyake huanzia miaka mwanga 500 hivi hadi 700. Nuru tuliyokuwa tukiipima iliondoka huko enzi za masultani wa Kilwa. Ukisimama mbele, unamwona Jabari. Ukienda ubavuni, hakuna Jabari. Ni shanga zilizotawanyika hovyo. Wanafunzi walicheka sana.

Na rangi? Ni joto. Kama chuma cha mhunzi, kilicho chekundu hakijafikia joto la kilichokuwa cheupe. Betelgeuse ina nyuzijoto zaidi kidogo ya 3,000 usoni, Rigel karibu 12,000.

Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na mradi ukaishia hapo rasmi, grafu ya vipimo vyetu ikiwa imeanza kupanda tena. Grafu hiyo ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha, maana hakuna aliyeweza kuinakili kitabuni.

Walimu wenzangu, Betelgeuse haijaacha kubadilika; hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 400 hivi. Chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea vipimo vya mwangaza wa nyota vilivyofanywa kwa macho kutoka kwa mtu yeyote, popote alipo, bila malipo. Desemba ikifika watoeni vijana nje, na kila mmoja awe na daftari.