Mbona Uso wa Nyanya Umefifia na Mabati Yakatokea Sawasawa?

Tuseme, msomaji mpenzi, ulifunga safari ya Krismasi kutoka Nairobi hadi Muthara, huko Tigania katika kaunti ya Meru, ukiwa na kamera yako na ile lenzi pana inayoweza kumeza ukoo mzima bila mpigaji kurudi nyuma hadi shambani kwa jirani. Nyanya akatolewa kiti, wajukuu wakapangwa, watoto wakaketishwa chini. Ukabonyeza. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilionekana safi kabisa. Uliporudi mjini ukaichapisha kwa ukubwa wa kutundikwa sebuleni, lo! Mifuo ya mabati inahesabika mmoja mmoja, majani ya miraa nyuma ya nyumba yanametameta, lakini uso wa nyanya ni kama umefunikwa kwa moshi. Na nyanya ana miaka yake. Hakuna ajuaye kama Krismasi ijayo atatolewa kiti tena.

Wengi hukimbilia kuilaumu lenzi. Pengine ni mbovu kweli, lakini mara nyingi kamera ilifanya ilichojua kufanya.

Mtambo wa kujilenga wenyewe, ambao wapiga picha huuita otofokasi, haumjui nyanya. Hutafuta mahali ambapo mwanga na giza vinakutana kwa ukali. Sasa tazama mabati: mfuo mweupe, kivuli, mfuo mweupe, kivuli. Tazama majani madogo ya miraa na mwanga unaopenya katikati yake. Kwa mtambo huo, hivyo ni karamu. Lenzi pana nayo huufanya uso wa mtu kuwa mdogo sana, pengine mdogo kuliko kile kisanduku cha kulengea unachokiona ndani ya kamera. Kisanduku kikishika nusu uso na nusu mabati, mabati hushinda. Kamera nyingi za miaka ya karibuni hutambua nyuso na hata macho, lakini zile kuukuu, ambazo ndizo wengi wetu tunanunua zikiwa zimetumika, hazina akili hiyo.

Dawa ya kwanza basi haina gharama. Ondoa mpangilio unaoiacha kamera ijichagulie, uteue kisanduku kimoja tu. Kiweke pale kitambaa cha nyanya kinapokutana na paji la uso. Bonyeza kitufe nusu, ngoja kamera itulie, ndipo umalizie. Kisha, kabla watu hawajatawanyika kwenda kula, ikuze picha kwenye kioo hadi uone jicho. Hapa ndipo wengi tunapojiponza, maana picha ya lenzi pana ikiwa ndogo huonekana kali hata kama imekosewa.

Ukungu wa milima ya Nyambene nao ni mtihani. Asubuhi ya baridi kila kitu huwa rangi moja ya kijivu, na lenzi huenda mbele na nyuma ikilia bila kushika chochote. Ilenge kwenye kitu chenye ukingo mkali, mathalani kola ya shati, kilicho umbali uleule na watu wako.

Je, kama lenzi haisogei kabisa? Kwanza angalia swichi iliyo ubavuni mwake. Usicheke, wako walioipeleka lenzi kwa fundi kumbe swichi imewekwa kwenye M. Kisha ichomoe, uvipanguse vile vidoti vya chuma vinavyoiunganisha na kamera kwa kitambaa kikavu na laini. Halafu jiulize mota iko wapi. Minolta 7000 ya mwaka 1985 ilikuwa na mota ndani ya kamera, ilhali Canon, ilipoanza mtindo wake wa EOS mwaka 1987, iliiweka ndani ya lenzi. Nikon zina namna zote mbili, na kamera zake ndogo za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota. Ukizivisha lenzi ya zamani yenye alama ya AF-D, itakubidi ulenge kwa mkono. Mwuzaji wa vitu vilivyotumika huenda asikuambie hilo.

Ikiwa lenzi inasogea lakini inakosea daima, lifanyie jaribio gazeti hili. Libandike ukutani, weka kamera kwenye stendi umbali wa mita moja hivi, sambamba na ukuta, na ufungue tundu la lenzi hadi mwisho. Piga picha tano ukilenga kupitia tundu la jicho, na tano ukilenga kupitia kioo cha nyuma. Kila mara ivuruge lenzi kwanza ili ianze upya. Maandishi yakisomeka vyema kwa kioo na kufifia kwa tundu la jicho, kamera na lenzi hazipatani. Baadhi ya kamera zina mahali pa kurekebisha hitilafu hiyo, la sivyo ni kazi ya fundi. Upande mmoja wa ukurasa ukiwa mkali na mwingine ukafifia, shuku kwamba kioo cha ndani kimehama, hasa kama lenzi iliwahi kuanguka.

Na ikiwa sherehe ni kesho na fundi yuko mbali? Geuza swichi kwenye M. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya saizi ya filamu ya 35, weka tundu kwenye namba 8 na umbali kwenye mita mbili na nusu. Kila kitu kuanzia kama mita moja na robo hadi upeo wa macho kitatokea kwa ukali unaoridhisha. Kiti cha nyanya kiweke kwenye hizo mita mbili na nusu, katikati ya picha, kwa sababu lenzi pana huwavuta na kuwanenepesha waliosimama pembeni. Pembeni wapange vijana, wao watavumilia.