Chatu Anapokataa Kula

Tuseme chatu mchanga amekutwa karibu na banda la kuku huko Sofu, Mkoa wa Pwani, ambako mashamba ya mikorosho na mihogo hupakana na vichaka. Badala ya kuuawa, anatiwa sandukuni ili afugwe. Anapewa kuku, hamgusi. Wiki tatu zinapita, naye bado hajala. Aliyemkamata anaingiwa na hofu, anataka kumfumbua kinywa na kumsokomeza nyama kooni. Asifanye hivyo. Huenda akamvunja meno, akamchana koo, au akamziba njia ya pumzi, na sababu ya kukataa itakuwa bado ipo palepale.

Mwili unaoweza kungoja

Yafaa ieleweke kwamba njaa ya chatu si kama njaa yetu. Binadamu hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kutunza joto la mwili. Chatu hupata joto lake kutoka juani na ardhini, kwa hiyo mahitaji yake ni madogo, na akiwa mzima mwenye afya huweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Chatu jike wa kusini mwa Afrika, ambaye yupo pia Tanzania, huyazunguka mayai yake wala hali kitu mpaka yaanguliwe.

Kula ndiko kunakomgharimu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walieleza kwamba ventrikali ya moyo wa chatu wa Burma huongezeka uzito kwa asilimia 40 katika saa 48 baada ya mlo. Mwili hauianzi kazi kubwa namna hiyo kama hali hairuhusu.

Sababu za kukataa

Sababu ya kwanza ni baridi. Ili kumeng'enya chakula vizuri, chatu huhitaji joto la karibu nyuzi 30 za sentigredi. Usiku wa Julai, Pwani, joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 19, na aliyefungiwa juu ya sakafu ya saruji hana jua la kumpasha moto. Akila kisha akapoa, nyama huoza tumboni naye huitapika.

Ya pili ni hofu. Chatu huwinda kwa kuvizia akiwa amejificha, na mahali pa wazi hujiona yeye ndiye windo. Ya tatu ni kujivua gamba, wakati macho yake yanapofunikwa na ukungu. Ya nne ni windo lenyewe. Chatu hulitambua kwa harufu inayokusanywa na ulimi, na kwa joto linalohisiwa na vishimo vya mdomoni. Nyama baridi haina joto hilo. Mwisho, huenda ni mgonjwa.

La kufanya

Mahali penye kibali cha kufuga, mtunzaji humpa chatu maficho, maji, upande wenye joto na upande wa ubaridi, kisha humwacha bila kumshika kwa wiki nzima. Usiku humpa panya aliyekwisha kuuawa, aliyepashwa joto katika maji ya moto na kukaushwa, asiyezidi unene wa chatu mwenyewe, akimshika kwa koleo refu. Panya hai asiachwe humo, maana humtafuna nyoka. Chatu apimwe uzito mara kwa mara. Ukipungua haraka, aitwe daktari wa mifugo.

Lakini chatu wetu wa Sofu ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata bila kibali. Kwa hiyo tiba yake ya kwanza ni kumwarifu ofisa wa wanyamapori, ili arudishwe vichakani akawinde mwenyewe.

Wanafunzi wanaweza kulichunguza jambo hili bila nyoka yeyote. Wekeni kipimajoto ndani ya sanduku lililo kivulini, na kingine juu ya jiwe lililo juani. Someni vyote viwili alfajiri, saa sita mchana na saa mbili usiku, kwa siku saba. Kisha jibuni: ni saa ngapi kwa siku ambapo chatu angeweza kumeng'enya mlo wake katika kila mahali?