Mtafiti Kwenye Mlango wa Kanisa

Nyumba ikikosa amani Kiplombe, mama hafungi safari ya kwenda kumwona daktari wa akili. Humwendea mchungaji, mzee wa kanisa, au jirani ambaye watu wanajua hatoi siri nje. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi haiko mbali, na wadi hii hii ya eneo bunge la Turbo, pembezoni mwa Eldoret, ndiko ilikopangiwa majengo yake mapya. Lakini ugomvi wa baba na mwanawe si jambo la kupangia foleni kliniki. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Kwa wengi wao, dhiki ya moyo hutajwa kwanza katika maombi.

Hapo ndipo Eve Puffer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, alipoielekeza kazi yake. Alianzia Muhuru Bay, kando ya Ziwa Viktoria, akiwachunguza vijana maskini na namna wanavyoitegemea imani wakati wa shida. Utafiti huo ulichapishwa 2012. Baada ya hapo akaingia makanisani kwenyewe.

Mradi wake wa makanisani uliitwa READY. Viongozi wa kawaida wa makanisa manne waliwakalisha pamoja wazazi na watoto wao wa miaka 10 hadi 16, familia 124 kwa jumla, wakazungumza juu ya pesa, hisia na kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi. Fikiria ugumu wa kulitaja tendo la ndoa mbele ya mama yako, tena kanisani! Makanisa yaliingia kwa zamu iliyoamuliwa kwa bahati nasibu, na yale yaliyokuwa yakisubiri yakawa kipimo cha kulinganishia.

Matokeo yalitoka 2016. Wazazi na watoto walizungumza zaidi, na miezi mitatu baadaye bado walikuwa wakizungumza. Vijana ambao tayari walikuwa wameanza ngono walipunguza vitendo vya hatari. Afya ya akili, hata hivyo, haikubadilika, na watafiti waliandika hivyo waziwazi. Ukweli huo una thamani kubwa kwa kanisa lenyewe: linajua sasa ni mzigo upi liliweza kuupunguza na ni upi uliobaki vilevile.

Kazi hiyo ilipofika Eldoret, mji ulikuwa tayari na mtu aliyeyajua maumivu ya familia zake. Profesa David Ayuku wa Chuo Kikuu cha Moi aliwatafiti kwa muda mrefu watoto wa mitaani wa mji huu, wale ambao wapita njia huwaita chokoraa. Katika makala yake ya 2004, yeye na wenzake waliwalinganisha wanaoshinda mtaani na kurudi kwao jioni, wanaolala huko huko, wanaotunzwa kwenye makao, na wanafunzi wa kawaida. Waliuliza ni nani aliye karibu na kila mtoto, na ni nani anayemsaidia. Swali hilo lina uzito katika mji ambao, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, familia zilikimbilia kanisa la Kiambaa lililo karibu, nalo likachomwa watu wakiwa ndani tarehe 1 Januari 2008.

Puffer, Ayuku na wenzao wakatengeneza Tuko Pamoja, tiba ya familia inayotolewa na wale wale ambao majirani huwaendea tangu zamani. READY ilimkaribisha kila mtu, lakini hii inalenga nyumba ambazo tayari zina mfarakano. Mshauri si mtaalamu wa afya ya akili, ila amefunzwa hatua za kufuata: kila mmoja asikilizwe, tatizo litajwe bila kutupiana lawama, suluhisho lijaribiwe pale pale sebuleni. Jaribio la kwanza, lililochapishwa 2020, lilikuwa la familia 10 tu viungani mwa Eldoret. Mahusiano yalipata nafuu, na hali ya akili pia. Familia kumi haziwezi kuthibitisha jambo kubwa, lakini zinatosha kumfanya mtafiti arudi tena.

Alirudi Ali Giusto, mmoja wa timu hiyo, safari hii kwa akina baba wanywaji. Mshauri wao ni baba mwenzao. Humsaidia mzazi kuichagua ile saa ya jioni inayompeleka kwenye busaa na chang'aa, na kuipangia jambo jingine: kukaa na mtoto wake nyumbani.