Shamba au Kiwanja? Vigezo vya Kuitambua Ardhi ya Kilimo katika Ukadiriaji wa Kodi: Mifano ya Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Makala hii inafafanua vigezo vinavyoweza kutumiwa kuitambua ardhi ya vijijini kuwa ya kilimo kwa ajili ya kodi. Kwa kurejelea Gitega na Muyinga, inajenga hoja kwamba kigezo cha matumizi kinafaa zaidi kuliko mahali ardhi ilipo au ukubwa wake, mradi ushahidi wake utafutwe kwenye ngazi ya kilima.

1. Utangulizi

Ardhi moja inaweza kuwa na thamani mbili. Ya kwanza ni thamani ya soko, yaani bei ambayo mnunuzi angeitoa, hata kama ananuia kujenga. Ya pili ni thamani ya matumizi, yaani pato ambalo mkulima hulipata kwa kulima. Thamani hizo zinapoachana sana, kodi inayofuata bei ya soko yaweza kumlazimisha mkulima kuuza shamba ili alipe kodi ya shamba hilohilo. Ili kuepusha hali hiyo, jimbo la Maryland lilitunga mwaka 1956 sheria ya kwanza nchini Marekani ya kukadiria mashamba kwa thamani ya matumizi. Nchini Kenya, sheria ya kodi ya ardhi ya mwaka 1963 iliruhusu kodi inayokokotolewa kwa thamani ya ukodishaji wa ardhi ya kilimo, kando na kodi ya eneo na kodi ya thamani ya kiwanja.

2. Msingi wa kisheria nchini Burundi

Sheria ya tarehe 17 Februari 1964 ilikadiria kodi ya ardhi kwa ukubwa wa eneo, si kwa bei. Sheria ya tarehe 3 Machi 2016 ilifanya mageuzi katika kodi za komini. Kati ya sheria hizo mbili ilikuja Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011, iliyoanzisha huduma za ardhi za komini na cheti cha ardhi, ambacho ni tofauti na hati miliki ya kawaida. Cheti hutanguliwa na ukaguzi wa hadharani: kamati ya kilima hufika shambani, mipaka huonyeshwa na majirani hutoa ushuhuda. Utaratibu huo haukubuniwa kwa ajili ya kodi, lakini ndio unaoweza kujibu maswali matatu ya mkadiriaji: nani anaishika ardhi, anaitumiaje, na tangu lini.

3. Gitega: ukingo wa mji

Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019. Mji unapopanuka, shamba la migomba, maharage na kahawa laweza kujikuta ndani ya mpaka wa mji bila jembe kusimama hata siku moja. Mahali pakiwa ndicho kigezo, mstari uliochorwa kwenye ramani unatosha kuligeuza shamba kuwa kiwanja. Kigezo cha matumizi humlinda mkulima huyo.

Hata hivyo, kigezo hicho kina mwanya wake. Anayesubiri bei ipande anaweza kupanda matuta machache ya maharage na kudai nafuu. Dawa inayotumika kwingineko ni kudai tofauti ya kodi ya miaka iliyopita pindi ardhi inapobadilishwa matumizi. Kwa njia hiyo, nafuu hubaki kwa anayeendelea kulima.

4. Muyinga: ushahidi wa matumizi

Muyinga, inayopakana na Tanzania, inaibua tatizo jingine. Mashamba ya kaya moja mara nyingi hutawanyika, na mabonde yenye majimaji yanayolimwa wakati wa kiangazi ni mali ya Dola kisheria. Mkulima hapaswi kutozwa kama mmiliki kwa ardhi asiyoimiliki.

Aidha, wimbi la wakimbizi wa mwaka 1972 na la mwaka 1993 yaliacha ardhi mikononi mwa watu wengine, na waliporejea migogoro ikazuka. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo iliundwa mwaka 2006 kuishughulikia. Katika mazingira hayo risiti ya kodi ni karatasi nzito: anayelipa leo anaweza kuitoa kesho kama ushahidi wa umiliki. Ni muhimu basi kutenganisha wajibu wa kulipa na haki ya kumiliki. Suala hili linawagusa pia wanawake, ambao hulima lakini, kwa kuwa mila huwarithisha wanaume itongo, yaani ardhi ya ukoo, majina yao mara nyingi hayamo katika kumbukumbu.

5. Kigezo cha ukubwa

Sheria ya New Jersey ya mwaka 1964 hudai angalau ekari 5, takriban hekta 2, ili ardhi itambuliwe kuwa shamba. Nchini Rwanda, hekta 2 ni kiwango cha juu cha msamaha kwa ardhi ya kilimo. Tarakimu ni ileile, makusudio ni kinyume. Nchini Burundi, ambako kaya ya kijijini hulima wastani wa takriban nusu hekta, kanuni ya kwanza ingewafungia nje karibu wakulima wote, na ya pili ingewasamehe karibu wote. Kwa hiyo ukubwa unafaa kuamua nani asamehewe, lakini haufai kuamua shamba ni nini.

6. Hitimisho

Makala inapendekeza mambo matatu: matumizi endelevu yawe kigezo kikuu, kamati ya kilima ithibitishe matumizi hayo hadharani, na risiti ieleze wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Mapendekezo haya yana uharaka. Mgawanyo mpya wa utawala umepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Daftari za ardhi zinapohamishwa na kuunganishwa, ndipo safu ya matumizi inapoweza kuongezwa kwa gharama ndogo. Vinginevyo, mkulima atakayehofia kwamba cheti ni mlango wa kodi ataliacha shamba lake bila cheti, na komini itakosa kodi pamoja na kumbukumbu.