PIKIPIKI YA MIZIGO INAWAKA IKITAKA? PIMA KWANZA KABLA YA KUNUNUA BETRI

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuache kidogo mambo ya picha na matangazo, tuongee pikipiki. Tunauza Instagram na WhatsApp sawa, lakini mzigo haupiti mtandaoni, unapanda siti ya nyuma ya boda. Mteja wa Sinza analipa akishapokea. Mteja wa Mbeya mzigo wake lazima ufike stendi ya Magufuli kule Mbezi kabla basi halijaondoka. Pikipiki ikigoma Mtaa wa Msimbazi, na hela yako imegoma hapo hapo.

Pikipiki iliyokufa kabisa wala haisumbui sana, fundi anaiona. Inayosumbua ni ile inayowaka ikitaka. Asubuhi unagusa stata mara moja tu imewaka, saa saba mchana kimya, fundi akifika inawaka kama haijawahi kuumwa. Hapo ndo watu wanaanza kununua vitu kwa kubahatisha. Wiki hii betri, wiki ijayo plagi, baadaye koili, na bado inagoma.

Kuna dogo ananipelekea mizigo, yuko kwenye mkataba, kila jioni ana hesabu ya tajiri. Boxer yake ilianza mchezo huo. Akanunua betri mpya, ikatulia siku chache, ikarudia. Akaambiwa sasa stata imekufa. Kabla hajatoa hela tukapima. Betri nzima. Kumbe shida ni waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha injini. Bolti imelegea na chini yake kutu. Ikapigwa msasa, ikakazwa, basi. Betri mpya ilituliza kwa muda kwa sababu imejaa, ilikuwa inalazimisha umeme upite kwenye kutu.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Stata inakula umeme mwingi kuliko taa na honi kwa mbali sana. Kwa hiyo mtu akikwambia "taa inawaka vizuri, betri iko poa", hajakwambia kitu. Waya wenye kutu unaweza kuwasha taa na honi lakini ukashindwa kuzungusha stata.

Anza na masikio. Ukibonyeza stata ikalia ta-ta-ta-ta haraka haraka, betri imeisha chaji au vichwa vya betri havijashika. Ikilia ta moja halafu kimya, angalia rilei ya stata, waya mnene na stata yenyewe. Ikiwa kimya kabisa, usikimbilie vikubwa. Angalia fyuzi, swichi nyekundu ya kuzimia, na ile swichi ndogo ya klachi pale kwenye mkono, maana baadhi ya pikipiki hazipigi stata mpaka ubane klachi au gia iwe frii. Stata ikizungusha vizuri lakini injini haiwaki, hiyo ni habari nyingine, ni mafuta au moto wa plagi.

Jaribu na kiki. Ikiwaka kwa kiki wakati stata imegoma, plagi na koili ziachie kwanza. Ila ujue kuna pikipiki ambazo hata moto wa plagi unategemea betri, hizo betri ikishuka sana hata kiki haisaidii.

Sasa mita. Kanunue mita ya umeme ya kawaida, bei yake ni kama hela ya kupeleka mizigo minne au mitano hapa mjini, na kwangu naona ina faida kuliko spea yoyote ya kubahatisha. Weka kwenye volti za DC, 20. Pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima ya volti 12 inasoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12 au chini, haina chaji. Halafu bonyeza stata huku unaangalia mita. Ikishuka chini ya 10, betri imechoka au haijajaa. Ikibaki juu na stata haizunguki, betri haina kosa, umeme unakwama njiani.

Kuukamata unapokwama ni rahisi. Waya mweusi wa mita uweke hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma kisafi cha injini, bonyeza stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, ethi ndo mchawi wako.

Ukimaliza washa injini, ongeza mafuta kiasi, pima tena kwenye betri. Kati ya 13.5 na 14.5 chaji inaingia. Ikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi, hata ukinunua mpya kesho itakufa tu. Kagua waya zinazotoka kwenye injini na rektifaya, kile kidude chenye mbavu mbavu. Ikipita 15, rektifaya haizuii tena, itakuchemshia betri na kuunguza taa.

Kama vipimo vyote viko sawa lakini bado inazima zima, weka stendi kubwa, gia frii, injini ikiwa inanguruma, geuza usukani kulia na kushoto. Waya zinazopita shingoni zinakatika kwa ndani huku plastiki ya nje ni nzima. Tikisa pia swichi ya ufunguo na soketi za chini ya siti. Angalia mkono wako na sailensa.

Na zile taa za urembo, mziki na chaja ya simu zilizounganishwa kwa kusokota waya na selotepu! Hizo toa zote kwanza, ndo uanze kutafuta. Fyuzi iliyokatika isifungwe kwa waya au karatasi ya sigara, waya zitaungua karibu na tanki la mafuta.

Masika ukipita Jangwani kwenye maji, au pikipiki imetoka kuoshwa kwa presha ikagoma, kausha kofia ya plagi na soketi. Ikizima ikipata moto tu na kuwaka ikipoa, hapo ndo koili, CDI na pulsa zinashukiwa. Mwambie fundi aangalie moto wa plagi palepale ilipozima, ikishapoa hataona kitu.

Kabla ya kufungua betri zima ufunguo, toa hasi kwanza, kurudisha hasi iwe ya mwisho.

Na ukienda kwa fundi usimwambie "haiwaki". Mwandikie: inagoma ikiwa ya baridi au ya moto, ilitoa mlio gani, kiki iliwasha au haikuwasha, mita ilisoma ngapi. Spea ya zamani akiibadilisha, mwambie akupe urudi nayo.