Joto Ndilo Ghali: Uniti za Umeme Zinavyokwisha Nyumbani

Jua linapotua Maili Moja, mjini Kibaha, taa huwaka pande zote mbili za Barabara ya Morogoro: madukani, kwenye vibanda vya chakula, na katika nyumba zilizotapakaa nyuma ya miembe na mikorosho. Wakati huo ndipo agizo lilelile la wazazi husikika katika nyumba nyingi: "Zima taa hiyo, uniti zinakwisha!" Agizo hilo ni jema. Hata hivyo, huenda wakati taa ya chumbani inazimwa, jikoni birika la umeme linachemsha maji lita nzima kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai. Kati ya taa na birika, ni kipi hasa kinachomaliza uniti? Jibu la swali hili halihitaji kubahatishwa. Limo katika fizikia ya sekondari, na limo katika mita iliyoko ukutani.

Uniti ni nini?

Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja, yaani nishati inayotumiwa na kifaa chenye nguvu ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Nishati hiyo ni sawa na juli 3,600,000. Kwa hiyo matumizi ya kifaa chochote hutegemea mambo mawili: nguvu yake na muda kinaowaka. Kifaa chenye nguvu kubwa kinachowaka kwa dakika chache chaweza kula uniti sawa na kifaa kidogo kinachowaka usiku kucha.

Turudi kwenye birika. Ili kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi, huhitajika juli 4,200 hivi. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25 huhitaji kupanda nyuzi 75 ili ichemke, yaani juli 315,000. Hiyo ni takriban uniti 0.09, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea hewani. Nishati hiyohiyo ingeiwasha balbu ya LED ya wati 9 kwa muda wa karibu saa 10. Ni dhahiri basi kwamba mwanga wa siku hizi ni rahisi, na joto ndilo ghali. Kila kifaa ambacho kazi yake ni kutoa joto, kama vile pasi, birika, jiko la umeme na hita ya maji ya kuogea, chastahili kuangaliwa kwanza.

Hata balbu ya zamani yenye filamenti ni kifaa cha joto zaidi kuliko cha mwanga. Sehemu kubwa sana ya nishati inayopokea hutoka kama joto, na ndiyo sababu huunguza vidole. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya filamenti ya wati 60.

Mpaka wa uniti 75

Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, walio katika kundi liitwalo D1, walipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti, hadi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 na zinazofuata zilipangiwa shilingi 350 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Maana yake ni kwamba uniti iliyovuka mpaka huo ilikuwa na bei mara tatu na nusu ya ile iliyoutangulia.

Ichukuliwe nyumba ya mfano. Nje kuna balbu ya filamenti ya wati 60 inayowaka saa 12 kila usiku. Ndani zipo tatu za aina hiyo, kila moja ikiwaka saa 4. Balbu hizo nne hutumia uniti 43.2 kwa siku 30. Friji hutumia uniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa saa 5 hutumia uniti 9, na feni ya wati 50 kwa saa 8 hutumia 12. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme kwa jumla ya dakika 20 kila siku hutumia uniti 10, na birika la wati 2,000 likiwaka dakika 10 hutumia 10 vilevile. Jumla ni uniti 114.2. Kwa bei zilizotajwa, hizo ni shilingi 21,220.

Sasa balbu zote zibadilishwe kuwa za LED za wati 9. Hutumia uniti 6.5 tu. Nguo zipigwe pasi kwa pamoja mara moja kwa wiki, na zile zisizohitaji pasi zikunjwe vizuri zikiisha kukauka; pasi ishuke hadi uniti 6. Birika litiwe maji yanayohitajika tu, na yanayobaki yahifadhiwe katika chupa ya chai. Lishuke hadi 5. Friji, feni na televisheni zisiguswe. Jumla mpya ni uniti 68.5, yaani shilingi 6,850. Uniti zimepungua kwa asilimia 40, lakini malipo yamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili, kwa sababu uniti zilizookolewa kwanza ni zile za bei ya juu.

Friji nayo haikosi dawa. Kazi yake ni kutoa joto ndani na kulimwaga nje kupitia mabomba ya nyuma. Katika hali ya hewa ya Pwani, friji iliyobanwa ukutani, au iliyo karibu na jiko, hushindwa kulimwaga joto hilo upesi, na mashine yake huunguruma kwa muda mrefu zaidi. Iachiwe nafasi nyuma, mpira wa mlango ukaguliwe, na sufuria ya moto isiingizwe kabla ya kupoa.

Mita kama chombo cha maabara

Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo inayomweka kadiri umeme unavyotumika, na idadi ya mimweko kwa kila uniti huandikwa usoni mwake. Ikiwa imeandikwa 1,000, kila mmweko ni juli 3,600. Basi 3,600 ikigawanywa kwa sekunde zinazopita kati ya mmweko mmoja na mwingine, jibu ni nguvu inayotumika kwa wati. Vifaa vyote vikizimwa isipokuwa pasi ya wati 1,000, taa humweka kila baada ya sekunde 3.6. Ikibaki balbu moja ya LED ya wati 9, mmweko mmoja hufuatwa na mwingine baada ya dakika 6 na sekunde 40! Iwapo taa inaendelea kumweka ilhali kila kitu kimechomolewa, fundi umeme aliyesajiliwa aitwe, maana huenda umeme unavuja. Mita yenyewe isifunguliwe kamwe.

Faida nje ya nyumba

Mwishoni mwa mwaka 2022 ukame ulipunguza maji mabwawani, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Tangu mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limekuwa likiingiza umeme katika gridi ya Taifa. Mitambo yake 9, kila mmoja wa megawati 235, imesanifiwa kutoa megawati 2,115, na umeme wake husafirishwa kwa msongo wa kilovolti 400 hadi Chalinze. Lakini wingi wa umeme katika gridi haupunguzi uniti zinazoliwa na birika lililojazwa bila sababu. Hesabu hiyo hufanywa nyumbani.

Zoezi kwa wanafunzi: andika wati za kila kifaa nyumbani na saa zake za kazi, kisha kadiria uniti za wiki moja. Soma uniti zilizosalia katika mita mwanzo na mwisho wa wiki hiyo, ukikumbuka kujumlisha zilizonunuliwa katikati. Iwapo makadirio na mita havikubaliani, tafuta kifaa ulichokisahau.